Waridi na Maigoya: Bustani ya Kiingereza kwa Wakazi wa Nyanda za Baridi

Mtu akijenga Lushoto, Njombe, Mufindi au Limuru, hachelewi kuanza kuota bustani ya Kiingereza. Hali ya hewa ndiyo inayomponza. Asubuhi ukungu umetanda, jioni kila mtu kavaa sweta, na waridi la jirani limechanua kando ya bomba bila mtu kulishughulikia. Anafungua simu, anakuta picha ya kijumba cha mawe huko kusini mwa Uingereza: waridi limekwea ukuta mpaka dirishani, maua marefu ya buluu yamesongamana na meupe hadi yameimeza njia. Kesho yake yuko kitaluni na orodha. Mwaka ukiisha, nusu ya orodha imekufa, na iliyobaki inatoa majani tu.

Makala haya yanamlenga mtu huyo. Sina nia ya kumwambia aachane na waridi. Bustani ya namna ile inawezekana kabisa katika milima yetu, ila orodha lazima igeuzwe. Mimea ya asili ya huku ishike nafasi kubwa na iibebe bustani mwaka mzima. Ile ya Kiingereza ikaribishwe ndani yake, michache, iliyochaguliwa kwa makini. Wengi hufanya kinyume chake. Hununua kila kitu cha ugenini, kisha huchomeka mshubiri mmoja pembeni na kusema wamechanganya.

Kwanza tujue bustani hizo zilitoka wapi. Bustani ya kijijini ya Kiingereza ilikuwa shamba la mtu maskini. Kibarua aliyepewa kijumba na kipande kidogo cha ardhi alipanda kabichi, vitunguu, maharage na majani ya dawa, akafuga nyuki, na maua yakaingia kwenye mianya iliyobaki. Msongamano ule unaotuvutia leo kwenye picha ulitokana na uhaba wa nafasi. Wenye uwezo waliupenda na kuuiga baadaye, hasa katika karne ya 19. William Robinson, mtunza bustani mzaliwa wa Ireland, alichapisha kitabu cha The Wild Garden mwaka 1870, akitetea kupanda mimea migumu ya ugenini katikati ya ile ya asili mahali ambapo ingejitunza yenyewe. Rafiki yake Gertrude Jekyll, aliyeishi kati ya 1843 na 1932, aliifanya kazi ya kupanga rangi za maua kuwa sanaa kamili kwenye bustani yake ya Munstead Wood, Surrey.

Ukiliangalia kwa jicho hilo, kihamba cha Mchagga kiko karibu zaidi na bustani ile ya asili kuliko yalivyo majani yaliyokatwa sawasawa na ua ulionyooshwa kwa kamba, mambo tuliyoyarithi kwenye nyumba za wakuu wa wilaya. Kihambani kuna mti mkubwa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, majani ya ng'ombe, maboga, dawa, na masale yakionyesha mpaka. Hakuna udongo ulioachwa wazi, na kila kitu kina kazi. Anayetaka bustani ya Kiingereza yenye uhai na aende akakae kihambani asubuhi moja kabla ya kwenda kitaluni.

Sasa tuje kwenye sababu ya ile nusu ya orodha kufa au kugoma.

Milima hutupa ubaridi, lakini haitupi majira ya Ulaya. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, ndiyo maana Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, na Limuru, iliyo juu zaidi kwenye mita 2,200 hivi, zinaweza kukuza vitu ambavyo Tanga na Mombasa haviwezekani. Jambo ambalo mwinuko haubadilishi ni urefu wa mchana. London mwezi Juni mchana hupita saa 16, na Desemba haufiki saa 8. Lushoto, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Mimea mingi ya Ulaya husubiri mojawapo ya ishara mbili ili ichanue: mchana urefuke, au ipite kwanza baridi kali ya wiki nyingi. Kwetu ishara hizo hazifiki. Mmea unaishi, unanenepa, unasubiri.

Kwa hiyo tulipu isahau. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 au zaidi za baridi kama ya friji kabla hakijakubali kuchanua vizuri, na mtu anayeweka vitunguu vya maua kwenye friji kila mwaka ana kazi nyingine zaidi ya bustani. Pioni na lilaki vivyo hivyo. Mawaridi ya kale ya Ulaya, yale yanayochanua mara moja tu kwa mwaka, nayo hutaka baridi ya kweli. Ukiwa na hamu ya waridi lenye sura ya zamani, tafuta yale yenye damu ya Kichina, ambayo yalipelekwa Ulaya katika karne ya 18 na kuipa dunia mawaridi yanayorudia kuchanua. Hayo hayangoji majira. Lavenda ya Kiingereza nayo husitasita. Ile yenye majani yaliyochongoka kingo kama msumeno, Lavandula dentata, huchanua karibu mwaka mzima. Ua la digitali, lile lenye vikombe vilivyopangana kwenye shina refu, kwa kawaida hukaa mwaka mzima likiwa majani chini na kungoja baridi, hivyo uliza mbegu za aina mpya zinazochanua mwaka uleule wa kupandwa. Switipii, zile njegere za maua zenye harufu tamu, zina aina zilizokuzwa kwa ajili ya mchana mfupi; pakiti yake huandikwa kuwa ni za majira ya baridi au za mapema. Ukinunua za kiangazi cha Ulaya utakuwa umenunua majani.

Zinazokubali bila matata ni holihoki, delfinia, pansi, petunia, mawaridi ya kisasa na haidrenjea. Hii ya mwisho asili yake ni Japani, na hilo lisikushangaze, maana sehemu kubwa ya maua tunayoyaita ya Kiingereza yalifika Uingereza kwa meli kama yalivyofika kwetu. Katika udongo mwekundu wenye asidi wa Usambara haidrenjea hutoa maua ya buluu iliyokolea. Watu hufikiri ni aina maalumu. Ni udongo tu.

Safari hiyo ya meli ilikwenda pande zote mbili, na hapa ndipo jambo hili linaponoga. Violeti ya Usambara, inayokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima, ilichukuliwa kwenye milima ya Tanga na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo, na ikapewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Impatiens walleriana, ua la kivulini ambalo Waingereza wamelipanda kwa mamilioni, ni la Afrika Mashariki. Thunbergia alata, mtambaji wenye ua la chungwa na jicho jeusi katikati, ambao wao huupandisha kwenye fito kila kiangazi, kwetu unaota kando ya barabara na kufyekwa na halmashauri. Gladiolasi kubwa za maduka ya maua zina babu mmoja mkuu anayeitwa Gladiolus dalenii, naye yuko kwenye nyasi za milima yetu, akichanua chungwa na manjano mvua zinapoiva. Wakulima wa Ulaya walikuja kuchukua kwetu. Sisi tunapita juu ya maua hayo tukienda kununua kwao.

Basi niwaelezee hiyo mimea ambayo ningeipa nafasi ya kwanza.

Wa kwanza ni Leonotis, mmea wa shina refu lenye pembe nne unaofika kimo cha mtu au kumpita. Kila fundo la shina limebeba mpira wa miiba, na kwenye mpira huo hutoka duara la maua ya chungwa yenye manyoya kama mahameli. Simama karibu saa moja asubuhi, utamwona chozi akitua kwenye mpira wa chini, akiingiza mdomo ua baada ya ua, kisha akapanda mpira wa juu. Akiondoka paji lake lina vumbi la manjano. Uingereza hakuna ndege wa namna hiyo, na ndiyo maana hakuna bustani ya huko inayoweza kukupa kitu hiki hata kwa fedha.

Pentas lanceolata ni kichaka kifupi kinachobeba vishada vya nyota ndogo, nyeupe au za urujuani hafifu, na aina za vitaluni zina nyekundu pia. Vipepeo hawabanduki juu yake. Kinachanua miezi mingi, kinavumilia kukatwa, na tawi lake ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu linaotesha mizizi. Kama ningeambiwa nichague mmea mmoja wa kujaza nafasi kati ya mawaridi, ningechagua huu.

Kwa rangi ya buluu, ambayo ndiyo roho ya bustani za Kiingereza, kuna Plectranthus barbatus. Wakikuyu huuita maigoya. Majani yake ni mapana, laini, yenye manyoya na harufu, na kabla ya karatasi za msalani kuenea yalifanya kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa. Wengi waliokulia mashambani huucheka wakiuona bustanini. Lakini subiri uinue mishale yake ya buluu-zambarau juu ya ua, uupige picha, uionyeshe kwa asiyeujua, na utaulizwa ulipata wapi mbegu.

Delfinia nayo ina ndugu huku. Delphinium leroyi, nyeupe yenye kivuli cha buluu na harufu nzuri, inaota kwenye nyasi za milima ya Tanzania, na Delphinium macrocentron, yenye rangi ya ajabu ya buluu iliyochanganyika na kijani, iko nyanda za juu za Kenya. Ua dogo la Scabiosa columbaria, lenye umbo la mto wa kuchomekea pini, limemaliza ubishi wote kuhusu mgeni na mwenyeji: linaota lenyewe kwenye malisho ya Uingereza na linaota lenyewe kwenye milima yetu. Kniphofia thomsonii, yenye mkuki wa moto, ipande palipo na unyevu, kama karibu na bomba linalovuja. Kwa kukwea ukuta na nguzo za baraza, waridi liwe na wenzake: klematisi ya asili, Clematis brachiata, na asumini ya milimani, Jasminum abyssinicum. Kivulini, chini ya mti, mwaga Impatiens na uziache zijipande.

Masale usiyasahau. Bustani za Kiingereza huhitaji kitu kilichosimama wima, cha kijani mwaka mzima, ambacho maua yatakuja na kuondoka yakikiacha palepale. Wao hutumia miti iliyokatwa maumbo. Sisi tuna masale, ambayo mkulima wa Kilimanjaro anayapanda mpakani na kuyatumia kuombea msamaha. Matatu pamoja, nyuma ya tuta, yanatosha.

Neno la asili lina mtego wake, nao nimeuona ukiwanasa hata watu wasomi. Asili ya Tanzania si sawa na asili ya mlima wako. Msizi, Maesopsis eminii, ni mti wa Uganda na wa Kagera. Ulipopandwa Amani, Usambara ya Mashariki, ndege aina ya hondohondo walizimeza mbegu zake na kuzitawanya msituni, na leo ni tatizo kubwa la msitu ule. Nao ni mti wa asili wa nchi ileile. Kwa hiyo ukitafuta mimea ya asili anza na ile inayoota yenyewe ndani ya mwendo wa siku moja kutoka nyumbani kwako, kwenye mwinuko kama wako. Muulize mzee anayechunga mbuzi. Anajua kipi kilikuwepo na kipi kililetwa, kuliko lebo za kitaluni.

Kuna pia wageni waliokaa muda mrefu tukawadhania wenyeji. Lantana yenye maua ya rangi mbilimbili ilitoka Amerika, inafunga malisho, na majani yake huwadhuru mifugo. Usiipande hata kwa ua. Alizeti pori, Tithonia, nayo ni ya Meksiko. Ikiwa tayari iko mpakani kwako, ikate kabla haijatoa mbegu na uizike shambani, maana majani yake ni mbolea nzuri sana. Ukitaka ua wenye miiba wa asili, panda mtandamboo, Carissa, wenye maua meupe ya kunukia na matunda ambayo watoto watakuwa wa kwanza kuyagundua.

Rangi zinataka uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Bustani za Kiingereza zina rangi hafifu kwa sababu mwanga wao ni hafifu. Waridi la rangi ya maziwa linalong'aa jioni ya Uingereza, saa sita mchana hapa huonekana limepauka kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Mimea yetu mingi, kinyume chake, ina chungwa na nyekundu zinazosimama imara juani. Ukizichanganya ovyo, zile hafifu zinapotea. Dawa nzuri ni ile ya Jekyll. Tuta lake kuu la maua lilikuwa na urefu wa futi 200, yaani mita 60 hivi, na rangi za baridi, buluu, kijivu, nyeupe na manjano hafifu, zilikaa kwenye miisho yote miwili, huku chungwa na nyekundu zikiwaka katikati. Sisi tunaweza kufanya hivyohivyo kwa mita sita. Rangi hafifu zikae upande wa baraza na upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Chungwa la Leonotis na mkuki wa Kniphofia vikae mbali, juani kabisa. Kati yao weka nyeupe na majani ya kijivu ya lavenda ili pande hizo mbili zisigombane.

Tuchukue kipande cha mita sita kwa tatu, mbele ya nyumba, kwenye mteremko mdogo. Nyuma kabisa panda masale matatu, Leonotis mbili na maigoya mawili, ukiacha mita moja kati ya shina na shina. Mbele yake weka mawaridi matatu tu, yaliyoachana angalau mita moja, maana bila upepo kupita kati yao ugonjwa wa madoa meusi utayamaliza wakati wa masika. Jaza kati ya mawaridi kwa Pentas tano au sita. Delfinia na holihoki zipande mahali unapoweza kuzifikia bila kukanyaga, kwa sababu zinahitaji kufungwa kwenye fito na konokono wanazipenda. Mbele kabisa, ukingoni mwa njia, weka lavenda, Scabiosa, rozimari, mnanaa ndani ya chungu ili usitambae, na kivumbasi. Mianya iliyobaki itie vitunguu vya majani, mnavu na sukuma wiki. Sukuma wiki iliyosimama kati ya waridi na lavenda ni kitu kizuri kukitazama, na ndivyo bustani hizi zilivyokuwa zilipoanza.

Usipande vyote siku moja. Penye mvua mbili, wenyeji waingie ardhini mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, na wageni wasubiri vuli. Miezi hiyo ya katikati inawapa wenyeji mizizi, kivuli na ubavu wa kuzuia upepo. Njombe na Mufindi, penye mvua moja inayoanza Novemba, wenyeji waingie mvua ya kwanza na wageni mvua inayofuata. Huko pia kumbuka umande wa barafu wa Juni na Julai. Impatiens ikae chini ya mti au karibu na ukuta.

Udongo hauna siri kubwa. Samadi iliyoiva, matandazo ya majani makavu ya migomba, na matuta yanayofuata usawa wa mteremko ili mvua isibebe kila kitu. Wakulima wa Usambara Magharibi wana mbolea yao ya majani, tughutu, mti mdogo wa jamii ya Vernonia unaopandwa mipakani. Wengine huyachanganya majani yake na fosfeti ya Minjingu. Upande mmoja nyuma ya nyumba; nyuki watauchangamkia na wewe utapata mbolea bila kwenda dukani.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni ya panga. Uingereza, baridi huja Novemba na kuilaza bustani nzima kwa lazima. Yetu hailali. Leonotis, maigoya na mtambaji wa jicho jeusi visipoguswa kwa mwaka mmoja vitamfunika kila mgeni uliyemnunua kwa bei kubwa. Kwa hiyo wewe ndiye majira ya baridi. Mwezi Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli, kata. Leonotis na Pentas zirudishe mpaka chini ya goti. Mawaridi yapunguze kwa theluthi moja, mkasi ukiwa mkali, mkato ukiwa wa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Yakipata maji yatachanua baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya kuyakata yanyime maji wiki mbili tatu ili yapumzike, kwani waridi linalochanua mwaka mzima bila kupumzika huchoka mapema. Delfinia ikimaliza kuchanua ikate shina, italeta jingine dogo. Vidukari vikizidi, maji ya sabuni yanatosha. Dawa kali za dukani huua pia wadudu wanaovila vidukari hivyo.

Sumu nayo tuizungumze waziwazi kwa sababu bustani hii itakuwa na watoto. Majani ya digitali huathiri mapigo ya moyo. Delfinia zote ni sumu, za kwetu na za kwao. Gloriosa superba, ua la asili linalopendeza kama mwali wa moto, lina kiazi kinachoweza kudhaniwa kiazi kikuu au kiazi kitamu, na kimeua watu. Usiipande karibu na mboga kwa hali yoyote. Mnyaa, unaopandwa sana kama ua, utomvu wake ni hatari kwa macho. Mimi ningeiacha Gloriosa porini mpaka watoto wakue.

Halafu kuna majirani. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliisimamia Leonotis yangu ikiwa bado majani matupu.

"Mwanangu, mjini kote mmekosa maua hata mnapanda magugu?"

"Shikamoo mama. Hayo ndiyo chakula cha chozi."

"Marahaba. Na wewe utakula nini?"

Nilimwonyesha sukuma wiki. Lakini swali lake ni la haki na lina jibu la vitendo: kila bustani iliyosongamana inahitaji ukingo msafi. Fagia njia. Panga mawe sawasawa mbele ya tuta. Kata majani ya ukoka yanayopakana nalo. Mpita njia akiona mpaka uliotunzwa, ataelewa kwamba yaliyo ndani yamepandwa kwa makusudi, na mtu wa kufyeka kando ya barabara ataelewa pia.

Wa Tanzania wenye nafasi ya kusafiri wakatazame Kitulo, kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi, ambako wenyeji hupaita Bustani ya Mungu na ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2005. Kati ya Desemba na Aprili uwanda wote unachanua. Usiende na jembe; nenda na daftari. Angalia nini kinaota kando ya nini, kipi kiko kwenye maji na kipi kwenye mwinuko, rangi gani zimekaa pamoja. Hakuna mtaalamu wa bustani atakayekupangia vizuri zaidi ya hapo.

Mbegu na miche itafute kwa njia safi. Leonotis na maigoya utaomba kwa jirani au utaokota mbegu kando ya barabara, na hakuna atakayekuzuia. Pentas na Impatiens ziko vitaluni. Kniphofia huombwa kipande kwa mwenye shina kubwa, mwanzoni mwa mvua. Lakini okidi usinunue kwa mtu anayezileta zikiwa na udongo wa porini. Zile za nyanda za kusini zimechimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula cha viazi vya okidi kinachouzwa Zambia. Na violeti ya Usambara ukiitaka, nunua iliyokuzwa kwa jani kitaluni. Iliyoko mwambani iache ilipo, kwa sababu porini imebaki kwenye misitu michache tu ya Tanzania na Kenya.